Mionzi Imeifanya Nini Feleji Hii? Mwongozo Kamili wa Kukadiria Madhara, Hatua kwa Hatua

Watu wengi hudhani mionzi huilegeza feleji, kama kutu inavyolila bati hadi likatoboka kwa kidole. Mambo ni kinyume. Chukua feleji iliyokaa miaka mingi karibu na kiini cha kinu cha nyuklia, iweke kwenye mashine ya kuivuta hadi ikatike, na utakuta ina nguvu kuliko siku ilipotoka kiwandani. Ila nguvu hiyo haikuja bure: imeondoka na unyumbufu. Feleji iliyokuwa ikijikunja kwanza kabla ya kukatika sasa inaweza kupasuka ghafla kama kigae. Ndiyo maana swali la "bado ina nguvu?" halisaidii kitu. Ulizeni hivi: ikiwa ndani yake kuna ufa mdogo, itafanya nini, na kwenye joto la nyuzi ngapi?

Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kufika kwenye jibu. Unahitaji kikokotoo, cheti cha kemia ya feleji yenyewe, na historia ya mionzi na joto iliyopitia. Kuhusu jina: "chuma cha pua" wengine hulitumia kwa kila aina ya feleji, wengine kwa ile isiyoshika kutu pekee. Ili tusichanganyane, hapa nitasema feleji kwa zote, na isiyoshika kutu nitaitaja hivyo hivyo.

Hatua ya 1: Jua ni mionzi ipi

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu neno mionzi limebeba vitu vingi visivyofanana.

Miale ya eksirei inayotumika kukagua viungo vya kulehemu haiidhuru feleji. Miale ya gama inayotumika kuua vijidudu kwenye vifaa vya upasuaji nayo haiidhuru. Mkasi uliopitia huko hutoka na ukali wake uleule. Miale hii hushughulika hasa na elektroni, na katika metali elektroni huzunguka huru, hivyo ikivurugwa hujipanga upya mara moja. Plastiki ndiyo inayoteseka, kwa kuwa minyororo ya molekuli zake ikikatwa hairudi. Alfa na beta kutoka nje huishia kwenye ngozi ya juu kabisa ya chuma.

Anayeleta balaa ni nyutroni yenye kasi. Haina chaji, kwa hiyo elektroni haziizuii. Inapenya hadi kugonga kiini cha atomi na kukisukuma kutoka mahali pake.

Tenganisha pia mambo matatu ambayo magazeti huyaita kwa jina moja. La kwanza ni uchafuzi: vumbi au kemikali yenye mionzi imeingia kwenye feleji. Mwishoni mwa 1983 huko Ciudad Juárez, Mexico, chanzo cha kobalti-60 kutoka mashine ya tiba kilifikishwa kwenye skrapu, kikayeyushwa pamoja na vyuma vingine na kugeuka nondo. Mambo yalijulikana Januari 1984, lori lilipopita karibu na vitambuzi vya mionzi vya maabara ya nyuklia ya Los Alamos, Marekani. Nondo zile zilikuwa hatari kwa watu, lakini kama nondo hazikuwa dhaifu hata kidogo. La pili ni feleji yenyewe kugeuka chanzo cha mionzi baada ya kumeza nyutroni. Kobalti kidogo iliyomo hugeuka kobalti-60, ambayo hupungua nusu kila baada ya miaka 5.27. La tatu ni madhara kwa mpangilio wa atomi, na ndilo linalobadili nguvu. Feleji inaweza kuwa na moja kati ya haya bila mengine.

Iwapo kwenye historia ya kipande chako hakuna nyutroni, unaweza kuishia hapa. Nasema "unaweza" kwa sababu upo mfano wa kuheshimu. Mwaka 1986 katika kinu cha utafiti cha Oak Ridge, Marekani, sampuli zilionyesha kwamba tangi (chombo kinene cha feleji kinachobeba kiini na maji yake) limepoteza unyumbufu haraka kuliko ilivyotarajiwa. Uchunguzi wa baadaye uliinyooshea kidole miale ya gama: kati ya kiini na tangi palikuwa na maji mengi yaliyozuia nyutroni na kuiachia gama njia. Gama kali mno inaweza kurusha elektroni zenye kasi ya kutosha kuhamisha atomi moja moja. Ni jambo la nadra, lakini lipo.

Hatua ya 2: Hesabu mapigo

Wahandisi hutumia vipimo viwili. Cha kwanza ni jumla ya nyutroni zilizopita kwenye kila sentimita ya mraba, zikihesabiwa zenye nishati inayozidi elektronivolti (kipimo kidogo mno cha nishati) milioni 1. Cha pili ni wastani wa mara ambazo kila atomi imehamishwa kutoka mahali pake, kipimo ambacho wenyewe hukiandika dpa. Mimi hupenda cha pili, kwa sababu cha kwanza kinakwambia kilichorushwa na cha pili kinakaribia kukwambia kilichovunjika.

Hesabu yake si ngumu. Nyutroni ya elektronivolti milioni 1 ikigonga atomi ya chuma uso kwa uso, inaipa takriban asilimia 7 ya nishati yake, yaani kama elektronivolti 69,000. Kwa wastani wa migongano ni nusu ya hapo. Sehemu ya nishati hiyo hupotelea kwenye elektroni. Tuseme zimebaki 20,000 za kusukuma atomi. Kuing'oa atomi moja ya chuma huchukuliwa kuwa kunahitaji elektronivolti 40. Kanuni ya mwaka 1975 ya Norgett, Robinson na Torrens inasema: zidisha nishati iliyobaki kwa 0.8, kisha gawanya kwa mara mbili ya nishati ya kung'oa.

0.8 × 20,000 ÷ (2 × 40) = atomi 200

Mgongano mmoja, atomi 200 zimeng'oka. Kila iliyoondoka imeacha pengo nyuma yake, na yenyewe imejipenyeza katikati ya wenzake kama mdukizi. Yote haya hutokea ndani ya sehemu chache za trilioni moja ya sekunde. Kisha sehemu kubwa ya atomi hizo hurudi mahali pa kukaa. Mifano ya kompyuta huonyesha kwamba ni kama theluthi moja tu ya hitilafu zinazobaki. Kwa hiyo dpa isomwe kama kipimo cha vurugu, usiichukue kuwa idadi ya majeraha yaliyobaki.

Ili uwe na hisia ya ukubwa wa namba hizi: ukuta wa tangi la shinikizo la kinu cha nyuklia kinachopozwa kwa maji, ukipokea nyutroni 10¹⁹ kwa sentimita ya mraba, unakuwa umepata takriban dpa 0.015. Yaani atomi moja au mbili katika kila mia zimewahi kuhamishwa. Ni kidogo, na bado kinatosha kubadili tabia ya feleji. Vifaa vilivyo ndani kabisa, vinavyokizunguka kiini, hufikia dpa makumi katika maisha yao. Huko kila atomi imehama makao mara nyingi na feleji bado imesimama, jambo ambalo kwangu linashangaza kuliko madhara yenyewe.

Hatua ya 3: Andika joto, na uliandike kwa usahihi

Kama ningeruhusiwa kuuliza swali moja tu kuhusu kipande cha feleji kilichopigwa nyutroni, ningeuliza kilikuwa kwenye joto gani wakati kinapigwa. Mapengo na wadukizi hutembea, na kasi ya kutembea kwao hutawaliwa na joto. Kwenye baridi hukwama palepale. Kwenye joto la wastani hukutana na kuunda vishada. Kwenye joto kali hufutana au kuponyoka hadi kwenye mipaka ya punje (fuwele ndogo zinazoiunda feleji), na feleji hujitibu karibu kwa kasi ileile inayoumizwa.

Matangi ya vinu vya maji hufanya kazi karibu na nyuzi 290 za Selsiasi. Hesabu nyingi za viwango zimejengwa juu ya joto hilo, na zinaharibika ukitoka mbali. Chini ya nyuzi 274 hivi madhara huwa makubwa kuliko kanuni inavyosema. Juu ya nyuzi 310 huwa madogo. Kuandika "takriban 300" kwenye daftari kwa sababu namba ni nzuri ni uzembe utakaoulipia kwenye Hatua ya 6.

Hatua ya 4: Soma cheti cha kemia, ukianza na shaba

Feleji mbili zinazofanana kwa macho na kwa nguvu zinaweza kuzeeka tofauti kabisa chini ya nyutroni, na mara nyingi siri iko kwenye sehemu ndogo za asilimia.

Shaba ndiyo mkosaji mkuu katika matangi ya zamani. Kwenye joto la kazi shaba haiyeyuki vizuri ndani ya chuma. Imebaki humo kwa kuwa atomi zake hazina mwendo wa kutosha kukusanyana. Nyutroni zinapotengeneza mapengo, atomi za shaba hupata njia ya kutembea, nazo hukusanyika kuwa vishada vyenye upana wa nanomita mbili au tatu. Cha kusikitisha ni kwamba sehemu ya shaba hiyo iliingia kwa nia njema: waya za kulehemu zilipakwa shaba ili zisishike kutu, na kiungo kikaishia na shaba hata asilimia 0.3. Ndiyo maana kiungo cha kulehemu hukaguliwa kabla ya bamba.

Nikeli huongeza makali ya shaba, na pamoja na manganizi na silikoni inaweza kuunda vishada vyake hata pale shaba ilipo kidogo, ila kwa kuchelewa. Fosforasi hukimbilia mipaka ya punje na kuidhoofisha. Ilitesa hasa viungo vya matangi ya kwanza yaliyobuniwa katika Umoja wa Kisovieti.

Angalia pia mpangilio wa atomi. Feleji ya kawaida ya matangi ina mpangilio wa mchemraba wenye atomi katikati, na aina hii ina tabia ya kugeuka kigae kwenye baridi hata bila mionzi. Tarehe 16 Januari 1943 meli Schenectady ilipasuka karibu vipande viwili ikiwa imetulia gatini huko Portland, Oregon, na hakukuwa na nyutroni yoyote ya kulaumiwa. Mionzi huisogeza tabia hiyo hadi kwenye joto ambalo zamani lilikuwa salama. Feleji isiyoshika kutu ya aina ya 304 au 316 ina mpangilio tofauti na haina mgeuko huo wa ghafla. Ina matatizo yake, nitayafikia.

Hatua ya 5: Kadiria nguvu iliyoongezeka

Kwa nini majeraha yaongeze nguvu? Metali hujikunja kwa sababu ndani yake kuna mistari ya hitilafu inayoteleza. Fikiria zulia zito: hulivuti lote kwa mpigo, unatengeneza mkunjo mdogo upande mmoja na kuusukuma hadi upande wa pili. Vishada na mapengo yaliyokusanyika ni kama misumari iliyopigwa kwenye njia ya mkunjo. Lazima usukume kwa nguvu zaidi ili upite.

Ukiwa na idadi na upana wa vishada kutoka kwenye hadubini ya elektroni au kifaa cha kuhesabu atomi moja moja, ongezeko la mkazo ambapo feleji huanza kujikunja bila kurudi ni:

ongezeko = α × M × μ × b × √(N × d)

N ni idadi ya vishada kwa mita ya ujazo, d ni upana wao, μ ni ukinzani wa chuma dhidi ya kusokotwa (megapaskali 80,000 hivi), b ni umbali kati ya atomi (nanomita 0.25), M ni kizidisho kisichobadilika cha 3.06, na α ni uimara wa kizuizi, ambao kwa vishada vidogo huchukuliwa karibu 0.2. Weka N = 3 × 10²² na d = nanomita 2. Utapata takriban megapaskali 95. Kwa feleji iliyoanza karibu na 450, hilo ni ongezeko la zaidi ya asilimia 20 kutoka kwa vitu usivyoweza kuviona hata kwa hadubini ya kawaida.

Usishangilie. Baada ya kikomo hicho cha kuanza kujikunja, mstari wa kwanza unaofanikiwa kupita hufagia vishada njiani na kuacha ujia uliosafishwa. Mistari inayofuata hupita humo humo. Mjongeo wote unajazana kwenye njia chache nyembamba badala ya kusambaa, na urefu ambao feleji ingenyooka kabla ya kuanza kubana kiuno (kusinyaa sehemu moja) hupungua sana. Katika feleji isiyoshika kutu jambo hili liko wazi zaidi: kikomo cha megapaskali 200 na kitu kinaweza kupanda hadi karibu 800 baada ya dpa chache kwenye nyuzi 300, na unyumbufu wa kabla ya kubana kiuno kuporomoka karibu na sifuri.

Hatua ya 6: Tafuta joto la mgeuko

Hii ndiyo hatua inayoamua hatima ya tangi. Zilizotangulia zilikuwa maandalizi.

Kipimo kikuu ni cha Charpy: kijiti cha milimita 10 kwa 10 kwa 55, chenye mkato wa milimita 2 katikati, hupigwa na nyundo ya pendulamu, na nishati iliyomezwa husomwa kwa jouli. Hurudiwa kwenye joto mbalimbali, na matokeo huchorwa kama mstari wa grafu. Kwenye baridi mstari uko chini, kwenye joto uko juu, na katikati unapanda kwa kasi. Joto ambalo kijiti kinameza jouli 41 huchukuliwa kuwa alama ya mgeuko. Kabla na baada ya mionzi, alama hiyo husogea upande wa joto, na kiwango cha juu cha mstari hushuka. Sheria za Marekani hutaka kiwango hicho kisipungue jouli 68 bila uchambuzi wa ziada.

Vijiti hivyo havitafutwi baadaye. Vinu huanza kazi vikiwa na vidonge vya chuma vyenye vijiti vya bamba na kiungo kilekile, vikiwa vimeanikwa karibu na kiini kuliko ukuta wenyewe. Hivyo huzeeka kabla ya tangi na kukupa habari za miaka ijayo. Hutolewa kimoja kimoja na kuvunjwa kwa mikono ya mashine nyuma ya kuta nene na vioo vya risasi.

Pasipo vijiti vya kutosha, tumia kanuni ya mwongozo wa Marekani wa 1988:

msogeo = K × f^(0.28 − 0.10 log f)

K hutoka kwenye majedwali ya shaba na nikeli; f ni nyutroni kwa sentimita ya mraba zikigawanywa kwa 10¹⁹. Tuchukue kiungo chenye K ya nyuzi 50 za Selsiasi na f ya 2. Kipeo kinakuwa 0.25, na 2 kwa kipeo hicho ni 1.19. Msogeo: nyuzi 59.5. Kama feleji ilianza na alama ya −20, iliyopimwa vizuri, ongeza msogeo, kisha ongeza tahadhari ya nyuzi 31 kwa ajili ya mtawanyiko wa vipimo vya viungo. Unafika karibu nyuzi 70.

Zingatia umbo la kanuni: f ikipanda kutoka 2 hadi 4, kizidisho kinatoka 1.19 hadi 1.36 tu. Madhara mengi huja mapema. Mkosi ni kwamba watu huchukulia hilo kama ahadi, wakati vishada vya nikeli na manganizi vinaweza kuchipuka wakati mstari ulitarajiwa kutulia.

Ukaguzi wa pili usiokugharimu kitu: kwa feleji za matangi, kila megapaskali moja ya ongezeko la nguvu huendana na msogeo wa nyuzi 0.6 hadi 0.7 hivi. Zile 95 za Hatua ya 5 zinatupa takriban 62. Zikikubaliana namna hii una sababu ya kutulia. Zikiachana kwa mbali, rudi kwenye joto na kemia kabla ya kulaumu kanuni.

Kina nacho ni muhimu. Nyutroni hupungua zinavyoingia ukutani: milimita 50 ndani ya ukuta zimebaki kama asilimia 62. Uso wa ndani ndio unaoumia zaidi, na ndio huohuo utakaomwagiwa maji baridi ya dharura wakati tangi lingali na shinikizo. Kwa ajili ya tukio hilo Marekani iliweka kikomo cha alama ya mgeuko: nyuzi 132 kwa mabamba na viungo vya wima, 149 kwa viungo vya kuzunguka. Kiungo chetu cha 70 kiko salama. Kinu cha Yankee Rowe, Massachusetts, kilizimwa 1991 huku hali ya tangi lake ikibishaniwa, na hakikuwashwa tena.

Hatua ya 7: Ikiwa ni feleji isiyoshika kutu, badili maswali

Hapa usitafute joto la mgeuko. Tafuta kuvimba, nyufa na heli.

Mwaka 1967 Cawthorne na Fulton walieleza vitundu vidogo walivyoviona katika feleji isiyoshika kutu kutoka kinu cha Dounreay, Uskochi. Mapengo yalikuwa yamekusanyika na kuunda uwazi halisi, na chuma kilikuwa kimevimba. Kati ya nyuzi 400 na 600, baada ya kipindi cha utulivu, feleji hii huweza kuvimba kwa karibu asilimia 1 kwa kila dpa. Piga hesabu ya dpa 30 za ziada na utaelewa kwa nini wabunifu wa vinu vya nyutroni za kasi walihamia feleji zenye kromu nyingi na mpangilio wa atomi katikati, ambazo huvimba kidogo sana.

Kwenye maji moto, mionzi huondoa kromu kwenye mipaka ya punje na kuacha nikeli ijazane. Mipaka iliyokosa kromu hushambuliwa kirahisi, na boliti zilizobanwa kwa nguvu hupata nyufa. Nikeli na boroni zikimeza nyutroni huzalisha heli, gesi isiyoungana na chochote, ambayo hujikusanya kwenye mipaka hiyo. Kabla hujamruhusu mtu kulehemu kifaa kama hicho, ulizia kiasi cha heli: hata atomi chache katika milioni huweza kukifanya kiungo kipasuke kinapopoa.

Hatua ya 8: Amua

Namba ikikaribia kikomo, jambo la kwanza na rahisi ni kupunguza nyutroni: mafuta ya nyuklia yaliyokwishatumika hupangwa pembezoni mwa kiini ili yawe kinga. La pili ni kupasha maji ya dharura ili mshtuko upungue.

La tatu ni kuitibu feleji kwa joto. Tangi huondolewa mafuta na maji, kisha hita huteremshwa hadi kwenye kiungo kilichoumia na kukishikilia karibu nyuzi 475 kwa zaidi ya saa 100. Vishada huyeyuka au kukua na kupungua idadi, na sehemu kubwa ya unyumbufu hurudi. Umoja wa Kisovieti ulifanya hivyo Novovoronezh mwaka 1987, na Ufini ikafanya Loviisa mwaka 1996. Joto la chini kidogo halitoshi; tiba ya nyuzi 340 kwa feleji iliyofanya kazi kwenye 290 huponya nusunusu.

Baada ya tiba usirudi kwenye mstari wa zamani wa kuzeeka. Shaba nyingi sasa imefungwa kwenye vishada vikubwa na haimo tena ndani ya chuma, hivyo kasi ya kuzeeka upya ni nyingine. Weka vijiti vipya vilivyopigwa nyutroni na kutibiwa kwa joto lilelile, virudishe karibu na kiini, na uanze daftari upya kuanzia Hatua ya 2.